Florence Nightingale na madaftari matatu yasiyokubaliana

Je, umewahi kupewa rufaa, ukafika hospitali ya pili na kuulizwa kila kitu upya: umri, dawa unazotumia, hata vipimo ulivyofanya juzi? Wengi hudhani kosa ni la kompyuta. Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta, na mmoja wa waliolipigania mapema ni Florence Nightingale, ambaye wengi tunamjua kwa uuguzi tu.

Alizaliwa 12 Mei, 1820 katika mji wa Florence, Italia, na wazazi wake, Waingereza matajiri, wakampa jina la mji huo. Alipenda hesabu tangu akiwa msichana. Alipotaka kuwa muuguzi familia ilipinga, kwa sababu kazi hiyo ilidharauliwa sana enzi hizo. Hakukata tamaa. Mwaka 1851 alipata mafunzo Kaiserswerth, Ujerumani.

Novemba 1854, wakati wa Vita vya Crimea, alifika na wauguzi 38 katika hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, karibu na Istanbul, Uturuki. Askari wengi waliuawa na kuhara, kipindupindu na homa kuliko majeraha ya vita. Vifo vilipungua sana baada ya mitaro ya maji machafu kusafishwa mwaka 1855.

Huko aliona jambo jingine. Vifo viliandikwa katika madaftari matatu tofauti, na hesabu zake hazikulingana. Wapo waliozikwa bila kifo chao kuandikwa. Fikiria uzito wake: usipojua nani amekufa na kwa ugonjwa gani, utajuaje kinachoua?

Aliporudi Uingereza mwaka 1856, alifanya kazi na mtaalamu wa takwimu, William Farr. Mwaka 1858 alichapisha michoro ya duara iliyowaonyesha viongozi kwamba magonjwa yanayozuilika ndiyo yaliyomaliza askari. Kisha akageukia hospitali za kiraia. Kila moja ilikuwa na namna yake ya kuandika na kuyaita magonjwa, hivyo hukuweza kulinganisha hii na ile.

Akatengeneza fomu za aina moja kwa hospitali zote: wangapi wamelazwa, wangapi wamepona, wangapi wamefariki, kwa ugonjwa gani, umri gani, na wamekaa wodini siku ngapi. Mwaka 1860 mpango huo uliungwa mkono katika mkutano wa kimataifa wa takwimu jijini London, na baadhi ya hospitali za jiji zikaujaribu.

Haukudumu. Fomu zilidai muda na fedha, na madaktari wakabishana kuhusu majina ya magonjwa. Lakini wazo lilibaki. Kazi ya Farr ya kupanga magonjwa ilisaidia kuzaa orodha ya kimataifa ya sababu za vifo mwaka 1893, na tangu mwaka 1948 orodha hiyo inasimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Nightingale alifariki 13 Agosti, 1910, akiwa na miaka 90.

Kwa nini ninakusimulia haya? Kwa sababu hospitali inaweza kununua kompyuta kwa mapokezi, maabara na dirisha la dawa, ikabaki na madaftari matatu yale yale, ila sasa yana umeme. Mifumo huungana pale tu watu wanapokubaliana kuandika kitu kimoja kwa namna moja. Wasipokubaliana, mtoto mwenye mzio wa penisilini anaweza kuandikiwa dawa hiyo hiyo wodi ya pili.

Nawe una sehemu yako. Tumia majina yale yale, kwa mpangilio ule ule, na tarehe moja ya kuzaliwa kila uendako. Ukijiandikisha Asha leo na Mwanaasha kesho, kompyuta itaona wagonjwa wawili. Usifungue faili jipya kwa sababu umesahau kadi. Omba watafute la zamani. Tunza kadi ya kliniki ya mtoto hata baada ya chanjo kwisha. Ukiruhusiwa kutoka wodini, usiondoke bila karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa na majibu ya vipimo. Na kama una mzio wa dawa, useme kila dirisha, hata kama ulishausema dirisha lililopita.