Daktari aliyetibu kiuno kwa pini za kofia

Msomaji wangu, wengi mnaofika kliniki na miguu inayowaka moto, ganzi, au maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi kisiginoni, huniuliza swali moja mkiwa mmeshika kitasa cha mlango. Vipi kuhusu zile sindano za Kichina, akupancha? Naona wengine mnaliuliza kwa aibu, kana kwamba mmenitukana. Leo nitakujibu kwa kukusimulia maisha ya daktari mmoja mkubwa aliyezitumia mwenyewe.

Ni William Osler. Alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Bond Head, Ontario, nchini Canada, mtoto wa mchungaji wa Kianglikana. Naye alikusudia kuwa mchungaji, akageuka na kusoma udaktari. Alihitimu Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 1872, akarudi kufundisha hapohapo. Mwaka 1889 akawa mkuu wa tiba katika hospitali mpya ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Huko aliwatoa wanafunzi darasani akawapeleka wodini wajifunze kitandani kwa mgonjwa. Ukilazwa leo, akaja kijana mwenye koti jeupe kukuuliza maswali yaleyale ambayo bingwa atakuuliza tena baadaye, usimkasirikie. Huo ni utaratibu aliousimamia Osler.

Akiwa bado Montreal alimpata mgonjwa mzito: Peter Redpath, tajiri wa kiwanda cha sukari, aliyesumbuliwa na maumivu ya kiuno. Kisa hiki kimo katika kitabu cha maisha ya Osler kilichoandikwa na Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo. Osler aliamua kumchoma sindano za akupancha. Kila sindano ilipoingia, mzee alitoa matusi, na mwishowe akaondoka akichechemea, maumivu yakiwa palepale. Osler aliumia moyo, maana alitumaini kwamba tajiri huyo akipona angekikumbuka chuo.

Daktari mwingine angeificha tiba iliyomwaibisha hivyo. Lakini mwaka 1892, akiwa na umri wa miaka 42 (mdogo kwangu kidogo!), Osler alitoa kitabu chake kikubwa cha tiba, na humo akaipendekeza akupancha kwa maumivu makali ya kiuno. Aliandika kwamba hata pini ndefu za kofia za akina mama zinafaa, mradi zimetakaswa. Aliitaja pia kwa sayatika, yaani maumivu ya neva kubwa inayotoka kiunoni kwenda mguuni. Mzazi, neva hiyo hupita kwenye kalio, ndiyo sababu mtoto mchanga huchomwa chanjo pajani. Ukimwona mtu anataka kumchoma mtoto wako sindano kwenye kalio, una haki ya kuuliza kwa nini.

Ajabu ni kwamba Osler hakuwa mtu wa kuamini kila dawa. Kitabu chake kilikiri waziwazi kwamba magonjwa mengi hayakuwa na tiba. Mwaka 1897 Frederick Gates, mshauri wa tajiri John D. Rockefeller, alikisoma akashtuka kwa ukweli huo, na mwaka 1901 ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa tiba mjini New York. Osler mwenyewe alihamia Oxford, Uingereza, mwaka 1905. Mwanawe Revere aliuawa vitani Ubelgiji mwaka 1917, naye baba akafariki Desemba 1919.

Alichokosa Osler ni njia ya kupima. Alikuwa na Redpath, alikuwa na wagonjwa wengine, na mgonjwa mmoja mmoja anaweza kukudanganya. Kiuno hupona chenyewe mara nyingi, na anayetarajia nafuu huipata kwa urahisi zaidi. Leo watafiti huwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakachomwa sindano za kweli, wengine za kuigiza. Utafiti wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2007 ulichukua watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa akupancha ya kweli walikuwa asilimia 47.6, kwa ile ya kuigiza asilimia 44.2, na kwa tiba ya kawaida asilimia 27.4. Soma tena tarakimu hizo. Sindano zilishinda dawa na mazoezi, lakini mahali pa kuchoma hapakuleta tofauti kubwa.

Kwa maumivu ya neva zenyewe, kama yale ya kisukari, ushahidi ni haba zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalipata tafiti sita tu zenye watu 462, na hayakuweza kusema kama akupancha inafaa au haifai.

Kwa hiyo simkatazi mgonjwa wangu. Namwambia ahakikishe sindano ni mpya na za kutupwa baada ya matumizi, na mchomaji awe amesomea kazi hiyo, kwa sababu sindano ya kifuani ikizama sana inaweza kutoboa pafu. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mweleze kwanza. Kama una kisukari, usiache dawa zako, na kagua nyayo zako kila jioni, maana mguu wenye ganzi hauhisi msumari. Lakini maumivu ya kiuno yakija na mguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo kugoma au kutoka bila kujizuia, usitafute sindano za aina yoyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.