Kabla hujapiga picha Karura, mjue Wangari Maathai

Ukiwa Nairobi wikendi na marafiki, lazima mmoja aseme twende Karura. Mnalipa langoni, mnapiga picha kwenye maporomoko ya maji, mnachungulia mapango walimojificha Mau Mau, mnatembea hadi miguu ilie. Njia za mle ndani zinazidi kilomita 50. Nilipoenda mara ya kwanza nilidhani msitu umekuwa wazi hivyo siku zote. Kumbe kuna mama alimwaga damu langoni.

Mama huyo ni Profesa Wangari Maathai. Alizaliwa 1940 kijijini Ihithe, Nyeri, akakua akiteka maji mtoni na kuokota kuni. Mwaka wa 1960 alienda Marekani kusoma, na 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. (Sisi tulioacha chuo njiani hapa tunapita haraka.) Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement, akina mama wa vijijini wakaanza kupanda miche.

Kupanda miti hakukuudhi mtu sana. Maneno yalianza 1989, chama tawala cha KANU kilipotaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Enzi hizo kumpinga Moi haukuwa mchezo. Wangari aliandika barua kila mahali, ndani na nje ya nchi. Wabunge wakamkejeli, hadi talaka yake ikatajwa. Shirika lake likafurushwa ofisini. Mwishowe wafadhili walijiondoa, jumba likafia kwenye karatasi.

Halafu ikaja Karura. Mwaka wa 1998 ilijulikana kwamba vipande vya msitu huo, mali ya umma, vilikuwa vimegawiwa watu binafsi wajenge majumba ya kifahari. Wangari na wenzake wakawa wanaenda kupanda miche palipofyekwa. Wanafukuzwa, wanarudi. Januari 8, 1999, walifika pamoja na wabunge wa upinzani na wanahabari, wakakuta walinzi wenye mijeledi na marungu. Wao walikuwa wamekuja kupanda mti tu. Walipigwa vibaya, na Wangari akapasuliwa kichwa. Alienda kituo cha polisi kuripoti, na alipoambiwa atie sahihi taarifa yake, aliitia kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Hebu jiulize kama ungekumbuka kufanya hivyo kichwa kikiuma vile.

Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaingia barabarani mwezi huo huo, wakapambana na polisi. Hao walikuwa rika letu kabisa. Agosti mwaka huo Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Mimi huifikiria siku ile kwa sababu ya jambo dogo hapa Eldoret. Kuna kijia kando ya mto Sosiani nilichopitia na mamangu tangu nikiwa mdogo. Mwaka jana tuliamka tukakuta kimezibwa kwa mabati. Tukaanza kuzungukia barabara kuu, tukipishana na malori. Hakuna aliyeuliza, hata mimi. Na huu ndio mji unaojivunia wakimbiaji wanaofanyia mazoezi kwenye njia za vumbi za Kaptagat na Iten!

Wangari aliingia bungeni 2002 kama mbunge wa Tetu, na 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda Tuzo ya Amani ya Nobel. Saratani ilimuua Septemba 25, 2011. Alikuwa amekataa mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, basi likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji.

Mabati ya Sosiani bado yapo. Jumatatu naenda ofisi ya ardhi kuuliza ramani inaonyesha nini pale.