Sam Ntiro: Balozi kutoka Machame aliyefanya utafiti kwa brashi

Ukitoka Moshi mjini kwa daladala kuelekea Arusha, ukafika njia panda ya Machame na kukata kulia kupanda mlima, joto linabaki nyuma na migomba inaanza. Huko juu ndiko alikozaliwa Sam Joseph Ntiro mwaka 1923.

Wanaokumbuka historia ya siasa wanamjua kama mwakilishi wa kwanza wa Tanganyika huru mjini London. Wanaofuatilia sanaa wanamjua kama mmoja wa wachoraji wa mwanzo wa Afrika Mashariki kufika kwenye majumba makubwa ya dunia. Ila kuna kazi ya tatu aliyoifanya ambayo haizungumzwi sana: aliwachunguza Wachagga, watu wake mwenyewe, kwa kuwachora.

Kila kitu kilianzia Makerere. Enzi hizo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, hivyo kijana mwenye kichwa alipelekwa Kampala. Ntiro alifika huko miaka ya 1940 na kuingia kwenye darasa la Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere.

Trowell alikuwa na njia yake. Hakutaka wanafunzi wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia tukio, halafu kila mmoja achore alichokiona kichwani mwake.

Sasa, kijana wa Machame ana nini kichwani? Ana kihamba. Ana migomba na mibuni chini yake, mfongo unaoleta maji kutoka juu mlimani, ng'ombe anayeletewa majani zizini, na mbege inayopikwa kwa siku kadhaa kabla ya shughuli. Ntiro alichora hayo hayo, na hakuyaacha hadi uzee.

Alipomaliza masomo alibaki Makerere kufundisha. Mwaka 1952 akaenda London, katika shule ya sanaa ya Slade, akasoma huko hadi 1955.

Akiwa katikati ya masomo hayo, mwaka 1953, kitabu chake kilitoka Nairobi. Kinaitwa Desturi za Wachagga, kilichapwa na Eagle Press, na kiliandikwa kwa Kiswahili. Hapa ndipo habari yake inapovutia. Mtu yule yule, miaka ile ile, alikuwa anaandika desturi za kwao na kuzichora pia. Kwa nini ahangaike na vyote viwili?

Jibu liko kwenye picha zenyewe. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Kwenye kitabu, jambo kama hilo linaisha kwa sentensi moja: pombe hupelekwa. Mwandishi anaweka nukta, anaendelea na aya nyingine.

Mchoraji hana bahati hiyo. Lazima aamue nani ametangulia na nani yuko nyuma. Chombo cha pombe kinabebwaje? Giza la kihambani likoje, na kati ya mgomba na mgomba mtu anapita wapi? Ukishindwa kuyajibu, picha haikamiliki. Ndiyo maana kuchora kunamlazimisha mtu agundue anachokijua na asichokijua kuhusu kwao, hasa akiwa anachora Kampala au London, mbali kabisa na mlima.

Na muda ulikuwa mfupi. Kahawa ilishaleta fedha na shule Kilimanjaro. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, Ntiro akiwa mtoto wa miaka kumi. Ardhi ilianza kubana, vijana wakaondoka kutafuta maisha, na nyumba za zamani za nyasi zikawa zinapungua. Mambo aliyoyaona akiwa mdogo, wanaofuata wangeyasikia kwa kusimuliwa tu.

Lakini wakosoaji hawakumwelewa wote. Picha zake ni bapa. Watu ni wadogo, wengi, nyuso zinafanana, na mgomba wa mbali unaonekana wazi kama wa karibu. Kuna waliosema ni michoro ya kitoto, na wengine wakashangaa inakuwaje mtu apite Slade, shule yenye jina katika uchoraji wa mwili wa binadamu, halafu atoke akichora kama alivyoingia.

Swali hilo linamkosea. Mtu aliyesoma miaka mitatu pale hakushindwa kujifunza kuchora pua. Kinachoonekana kwenye turubai zake ni uamuzi: kwake habari ilikuwa kazi inayofanywa na wengi pamoja. Kuvuna, kukata kuni, kunywesha mifugo, kupeleka pombe. Ukimpa mmoja sura ya pekee, picha inageuka kuwa habari zake yeye, na wengine wanakuwa wasindikizaji.

Hata hivyo, lawama moja inamkaa. Kwenye picha zake watu wanaelewana mno. Kilimanjaro ya kweli ilikuwa na ugomvi wa mipaka, kesi za urithi wa kihamba na mivutano ya umangi. Mtafiti anayechora kwa kumbukumbu ana hatari hiyo, kwamba hamu ya nyumbani inamchagulia cha kuchora. Anayetaka kuijua Uchagga kupitia Ntiro peke yake atabaki na nusu ya habari.

Jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, maarufu kama MoMA, liliichukua ile picha ya pombe ya usiku mwaka 1960. Kwa mchoraji wa Afrika Mashariki wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata uhuru na Ntiro akarudi London, safari hii kama balozi. Alikaa kwenye wadhifa huo hadi 1964. Mke wake, Sarah Nyendwoha Ntiro wa Uganda, naye alikuwa na historia yake: ndiye mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, aliyoipata Oxford mwaka 1954.

Baada ya ubalozi alishika kazi ya serikali kwenye utamaduni, akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akaendelea kuchora. Alifariki mwaka 1993.

Kwa bahati tu, katika mwaka wa masomo wa 1993/94 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitoa andiko lililotenganisha utafiti kuhusu sanaa na utafiti unaofanywa kwa kupitia sanaa yenyewe. Andiko hilo linatajwa hadi leo kila mjadala huo unapoibuka, na sasa vipo vyuo Ulaya vinavyompa mtu udaktari kwa kuwasilisha picha zake pamoja na maandishi ya kuzieleza. Picha na maandishi, yaani vitu viwili ambavyo Ntiro alikuwa navyo mkononi miaka 40 kabla.

Ile picha ya 1956 bado ni mali ya MoMA, na unaweza kuiona kwa simu yako: fungua tovuti ya jumba hilo, andika jina Sam Ntiro. Ongeza mwanga wa kioo kwanza, maana ni picha ya usiku.