Wahome Mutahi: Msanii aliyepeleka tamthilia kwenye baa

KATIKA miaka ya themanini na tisini, Wakenya wengi walionunua gazeti la Jumapili walitafuta kwanza safu ya Whispers, kisha ndipo wakarudi kwenye habari za siasa. Mwandishi wake, marehemu Wahome Mutahi, aliwachekesha kwa visa vya baba mlevi mwenye maringo, anayetawaliwa nyumbani na mkewe, Thatcher, aliyepewa jina la waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Watoto nao hawakumwogopa hata kidogo. Wasomaji walijiona wenyewe katika familia hiyo, na serikali pia ilijiona, kwani baba asiyeweza kuongoza nyumba yake lakini anadai kutiiwa alikuwa mfano uliomfaa kiongozi wa nchi.

Mutahi alizaliwa mwaka wa 1954 katika eneo la Nyeri, akasomea Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya kujiunga na uanahabari alikuwa afisa wa utawala wa mikoa, kwa hivyo aliifahamu serikali kutoka ndani. Lugha ya mabaraza, amri za wakubwa na woga wa wadogo ni mambo aliyoyaona kwa macho yake, na baadaye yakawa malighafi ya kazi yake.

Ukanda unaoanzia Kahawa hadi Thika una sehemu mbili zinazohusishwa na siku zake ngumu zaidi. Ya kwanza ni gereza la Kamiti, lisilo mbali na mtaa wa Kahawa Sukari. Mwaka wa 1986, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipokuwa ikiwasaka watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa kundi la siri la Mwakenya, Mutahi alikamatwa pamoja na ndugu yake. Alizuiliwa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, Nairobi, mahali ambapo washukiwa waliteswa ili wakiri makosa, kisha akatupwa gerezani.

Wengi waliopitia huko walitoka wakiwa wamenyamaza. Yeye alirejea kwenye kalamu. Riwaya yake ya Three Days on the Cross, iliyochapishwa mwaka wa 1991 wakati Moi angali mamlakani, inasimulia masaibu ya watu wanaokamatwa na polisi wa utawala wa kiimla. Ilimpatia Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1992. Mwaka huo huo alitoa Jail Bugs, kuhusu maisha ya wafungwa, na mnamo 1996 akatoa How to Be a Kenyan, kitabu cha kejeli kuhusu tabia za wananchi wenzake.

Hata hivyo, wapo Wakenya ambao hawakusoma magazeti ya Kiingereza wala riwaya. Hao Mutahi aliwafuata kwa tamthilia za Kikuyu, ikiwemo Mugathe Mubogothi, inayomkejeli mtukufu rais anayepayuka. Badala ya kungoja watu wavae suti waende ukumbini, yeye na waigizaji wenzake walipeleka michezo hiyo kwenye baa, ambako mfanyakazi aliyetoka kazini aliketi na chupa yake akamtazama mtawala akichekwa hadharani.

Uzito wa hatua hiyo unaeleweka ukikumbuka yaliyotokea Kamiriithu, Limuru. Mwaka wa 1977 serikali ilipiga marufuku mchezo wa Kikuyu wa Ngaahika Ndeenda ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na mwaka wa 1982 ukumbi wa wanakijiji ukabomolewa. Baa, kinyume na ukumbi huo, zilikuwa kila mahali, na lilikuwa jambo gumu kuzibomoa zote.

Mutahi aliishi kuona utawala wa Moi ukifikia kikomo Desemba 2002. Februari 2003, vyumba vya mateso vya jumba la Nyayo vilifunguliwa ili umma uvione. Furaha hiyo haikudumu. Mwezi uliofuata alienda hospitalini mjini Thika kufanyiwa upasuaji mdogo wa kuondoa uvimbe, akapoteza fahamu na hakuzinduka tena. Baada ya siku 137, mnamo Julai 22, 2003, alifariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta akiwa na umri wa miaka 48. Mtu aliyestahimili jumba la Nyayo na gereza aliangushwa na upasuaji ambao wagonjwa wengi hufanyiwa na kurudi nyumbani.

Mwaka wa 2006 wachapishaji wa vitabu nchini walianzisha Tuzo ya Fasihi ya Wahome Mutahi, inayowatambua waandishi wa Kiingereza na vilevile wa Kiswahili. Ni heshima inayomfaa. Lakini ukumbusho wake mkubwa zaidi ni uhuru ambao vijana wachekeshaji wa leo wanautumia kuiga sauti za marais jukwaani. Wapo waliolipa ili kicheko hicho kiwezekane, na Wahome Mutahi ni mmoja wao.