Joginder Singh: Simba mwenda pole aliyekula nyama mara tatu

NI VIGUMU kumpata mkazi wa Kisii au Nyamira aliyetimiza umri wa miaka hamsini ambaye hajapata kulisikia jina la Joginder. Katika miaka ya sabini na themanini, dereva wa matatu aliyeteremka mlima kwa kasi huku abiria wakishikilia viti na kuomba Mungu alipachikwa jina hilo papo hapo. Baadhi walilitaja kwa kumsifu, wengine kwa kumlaani. Nao watoto waliosukuma magari ya waya katika vijia vya mashamba ya majani chai waligombania nani awe Joginder siku hiyo.

Wengi wao hawakujua kwamba mwenye jina alizaliwa jirani yao, mjini Kericho, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Nyamira. Isitoshe, hawakujua kwamba walilitumia jina hilo kinyume kabisa na maisha ya mtu mwenyewe. Joginder Singh hakupata sifa kwa kuendesha gari ovyo. Alipata sifa kwa sababu alijua kulitunza gari mpaka likafika.

Alizaliwa Februari 9, 1932. Wakati huo makampuni ya Kizungu yalikuwa yamekwisha kuigeuza milima ya Kericho kuwa mashamba makubwa ya majani chai, zao ambalo miaka mingi baadaye lilivuka na kuwa tegemeo la maelfu ya wakulima wadogo wa Nyamira na Kisii. Palipo na mashamba makubwa hapakosi mitambo, malori na matrekta, na palipo na vyombo hivyo hapakosi fundi. Babake Joginder alikuwa Singasinga kutoka Punjab, miongoni mwa wale ambao watu wa bara waliwaita Kalasinga na ambao sifa yao ya ufundi ilitangulia kila walikokwenda.

Familia hiyo hatimaye iliweka makao na karakana ya magari jijini Nairobi. Humo ndimo Joginder alimosomea elimu yake ya kweli. Alijifunza kulisikiliza gari kabla ya kulifungua, kutambua kwa sauti tu kwamba beringi imeanza kulegea, na kujua ni springi ipi itakayovunjika iwapo dereva ataingia shimoni bila kupunguza mwendo. Mnamo 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa askari wake wa kwanza wa doria barabarani, kazi yake ikiwa ni kuwasaidia madereva walioharibikiwa njiani. Kwa hivyo, kabla dunia haijamjua kama bingwa wa mbio, alikuwa mtu wa kulala chini ya magari ya wengine akiwa na spana mkononi.

Ili kuelewa uzito wa ushindi wake, yafaa kwanza kukumbuka Safari Rally ilikuwa nini enzi hizo. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za kawaida zilizotumiwa na malori, baiskeli na mifugo. Kwa miaka mingi yalifanyika msimu wa Pasaka, wakati mvua za masika zimeanza kuifanya ardhi nyekundu kuwa utelezi mtupu. Mtu aliyewahi kusukuma gari katika kijia cha mlimani Kisii mwezi wa Aprili hahitaji kuelezwa zaidi.

Washiriki walipewa muda wa kufika katika kila kituo cha ukaguzi, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Aliyekuwa na adhabu chache zaidi mwishoni ndiye aliyeshinda. Safari ilikuwa ya maelfu ya kilomita, mchana na usiku, katika vumbi, ukungu na matope. Gari lenye nguvu kupita yote halikuwa na faida yoyote endapo lingekwama mtoni au kuvunjika ekseli likiwa bado mbali na Nairobi. Katika mbio za namna hiyo, fundi alikuwa na silaha ambayo tajiri hakuweza kuinunua.

Hata hivyo, hayo hayakuwa mashindano ya kila mtu. Katika jamii ya kikoloni iliyowapanga watu kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini, Safari ilikuwa kwa sehemu kubwa burudani ya walowezi. Waasia waliokuwemo walikuwa wachache. Wakati Joginder alipojitosa katika mashindano hayo mwishoni mwa miaka ya hamsini, hapakuwa na dereva asiye Mzungu aliyekuwa ameyashinda.

Mwaka 1963 ulimpa nafasi ya kwanza ya kuonyesha ubavu wake. Mvua ilinyesha bila huruma. Magari 84 yaliondoka, yakarejea saba tu. Mojawapo lilikuwa Fiat ya Joginder na nduguye mdogo, Jaswant. Kufika tu mwaka ule kulikuwa sawa na kushinda. Desemba ya mwaka huohuo Kenya ilipata uhuru.

Miaka miwili baadaye, ndugu hao wawili walirudi na gari la aina ya Volvo PV544. Umbo lake la mviringo lilionekana la kizamani hata wakati huo, nalo lilikuwa limekwisha kutumika. Mwenye haraka angelidharau. Joginder alilifungua, akalikagua kila kiungo, akalifunga upya kwa mikono yake. Walishinda kwa tofauti kubwa ya muda, na kwa mara ya kwanza mshindi wa Safari akawa dereva asiye na asili ya Ulaya.

Ushindi huo ulipokelewa katika taifa lililokuwa bado halijatimiza miaka miwili. Wakenya walikuwa wakijiuliza nani hasa ni mwenzao katika nchi hii mpya, na Waasia walikuwa wakiulizwa swali hilo kuliko wengine wengi. Joginder hakulijibu kwa hotuba. Alijibu kwa kurejea Nairobi akiwa ametapakaa matope, kilemba kichwani, na umati wa watu wa kila rangi ukampokea kama mtu wao. Waingereza walimwita Kalasinga Arukaye. Wakenya walimwita Simba, jina lenye heshima zaidi, na hilo ndilo lililodumu.

Ikumbukwe kwamba katika miaka iliyofuata, hasa 1967 na 1968, maelfu ya Waasia waliihama Kenya kwa hofu ya mustakabali wao. Kitambo hicho chote, jina la Joginder liliendelea kutangazwa kila Pasaka na Sauti ya Kenya. Wasikilizaji waliokusanyika kuzunguka redio moja kijijini, iwe Keroka, iwe Nyansiongo, waliliombea gari lake lifike. Huenda hakuna kiongozi wa siasa wa wakati huo aliyefanikiwa kuwaunganisha Wakenya kwa namna hiyo bila kuwaomba kura.

Mwaka 1968 mvua kali ilirudi. Safari hii magari 93 yaliondoka na kwa mara nyingine yakamaliza saba tu. Joginder alikuwemo tena. Mwaka 1969 alishika nafasi ya pili, na mwaka 1970 akashika nafasi ya pili tena. Mtu mwingine angekata tamaa au angeanza kulilazimisha gari kupita uwezo wake ili kuufuta uchungu wa kukaribia bila kufikia. Joginder hakufanya hivyo. Alirudi karakanani.

Wakati huo mashindano yenyewe yalikuwa yanabadilika. Viwanda vikubwa vya Ulaya na Japani vilituma timu kamili, zenye mafundi wengi na fedha nyingi. Kwa muda mrefu ilikuwa imeaminika kwamba mgeni hawezi kuishinda Safari, kwa kuwa hazijui barabara zake. Imani hiyo ilivunjwa mwaka 1972, pale Hannu Mikkola wa Finland alipoibuka mshindi kwa gari la Ford Escort. Mwaka 1973 Safari ikaingizwa katika mbio za ubingwa wa dunia. Wengi walidhani kwamba enzi za dereva fundi wa Nairobi zilikuwa zimekwisha.

Pasaka ya 1974 iliwasahihisha. Joginder, aliyekuwa na umri wa miaka 42, aliingia na gari dogo la Mitsubishi Colt Lancer lenye injini ya sentimita za ujazo 1,600, mwelekezi wake akiwa David Doig. Mbele yake walikuwapo magwiji kama Björn Waldegård wa Sweden, aliyeendesha Porsche 911. Kwa kasi tupu, Lancer haikuwa saizi ya Porsche. Lakini mvua iliharibu barabara, madaraja yakawa mitego, na magari yenye nguvu yakaanza kulipia pupa yake. Waldegård alimaliza wa pili. Simba alikuwa amewinda kimya kimya na kupata windo lake.

Mwaka 1976 alirudia ushindi huo akiwa na Doig, pia kwa Lancer. Nyuma yake walifuata Robin Ulyate na Andrew Cowan, wote katika magari ya Mitsubishi, kampuni hiyo ikatwaa nafasi tatu za kwanza. Joginder akawa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Kiwango hicho kilipitwa baadaye na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekimbilia Kenya kutoka utawala wa Idi Amin, aliyeshinda mara tano kati ya 1973 na 1982.

Pamoja na hayo yote, ushindi mara tatu si takwimu inayomweleza Joginder vizuri kuliko zote. Kuna nyingine isiyovuma sana. Hadi alipoishiriki kwa mara ya mwisho mwaka 1980, alikuwa ameingia Safari mara 22, na akafika mwisho mara 19. Katika mashindano ambayo kuna miaka magari zaidi ya themanini yaliondoka na saba pekee yakarejea, hesabu hiyo inakaribia muujiza. Haikuwa muujiza. Ilikuwa matokeo ya mtu aliyejua kwamba gari lina mpaka wake, na kwamba dereva mwema ni yule anayeuona mpaka huo kabla hajaufikia.

Hii haina maana kwamba aliogopa kasi. Asiyeweza kukimbia hawezi kushinda mbio za magari, na Joginder alikimbia pale barabara iliporuhusu. Tofauti yake na wengi ilikuwa kwamba alichagua mahali pa kukimbia. Penye shimo alipunguza mwendo, penye mto alipima kina, na penye mlio usio wa kawaida alisimama akatazama. Dakika aliyoipoteza hapo aliipata mbele, pale mwenzake alipokuwa amekaa kando ya barabara akisubiri msaada.

Joginder Singh alifariki jijini London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Wakati huo Safari ilikuwa imeondolewa katika mbio za ubingwa wa dunia tangu baada ya mashindano ya 2002, na hakuishi kuiona ikirejea mwaka 2021 huko Naivasha. Magari ya sasa angeyastaajabia. Barabara za kushindania sasa hufungwa, na safari ni fupi mno ikilinganishwa na zile alizozipitia yeye.

Huku kwetu, jina lake limeanza kufifia miongoni mwa vijana, lakini tabia iliyopachikwa jina hilo kimakosa haijafifia. Simama asubuhi kando ya barabara ya kutoka Kisii kupitia Keroka na Chebilat kuelekea Sotik na Kericho, ujionee. Probox iliyobeba abiria hadi kwenye buti, mmoja wao akigawana kiti na dereva, inalipita lori kwenye kona isiyoona mbele. Abiria ananung'unika kimoyomoyo. Dereva anatabasamu, akijiona bingwa.

Bingwa halisi aliyezaliwa mwisho wa barabara hiyohiyo asingethubutu kuliendesha gari namna hiyo hata siku ya mashindano, tena akiwa peke yake na mwelekezi aliyejitolea kwa hiari kukabili hatari. Kabla ya kuondoka angezikagua breki, angetazama magurudumu, angekaza kilicholegea. Kisha angekumbuka kwamba adhabu ya dakika moja hulipika, lakini ekseli iliyovunjika mlimani hailipiki, sembuse uhai wa mtu.

Wahenga walisema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wakenya walipompa Joginder jina la Simba huenda hawakuikumbuka methali hiyo, bali yeye aliiishi. Dereva wa Kisii au wa Nyamira anayetaka kuitwa Joginder ana haki ya kulitamani jina hilo. Ila kwanza na afanye hesabu alivyofanya mwenyewe: ni mara ngapi ameondoka, na ni mara ngapi amefika salama na wote aliowabeba.