Mchungaji Ludwig Harms na Usharika wa Hermannsburg

Vyama vingi vya Misioni vya Ulaya vilianzishwa mijini, na watu wenye elimu na mali. Chama kimoja kilizaliwa namna nyingine. Kilitoka katika usharika wa shamba, kati ya wakulima na wachunga kondoo, na merikebu yao ya kwanza ilielekea pwani yetu, hata Mombasa. Habari za usharika huo haziwezi kusimuliwa pasipo habari za mchungaji wake, Ludwig Harms.

Alizaliwa tarehe 5 Mei 1808 katika mji mdogo wa Walsrode, kaskazini ya Ujerumani. Baba yake, Christian Harms, alikuwa mchungaji, na mwaka 1817 alihamia Hermannsburg, katika nyika ya Lüneburg. Nchi ile ni ya mchanga, na siku zile watu wake waliishi kwa kondoo, nyuki na nafaka chache. Mtoto Ludwig alikulia kati yao, akaizoea lugha ya wakulima, akapenda kusikiliza masimulizi ya wazee.

Mwaka 1827 alikwenda Göttingen kusoma elimu ya dini katika chuo kikuu. Walimu wengi wa wakati ule walitegemea akili ya mwanadamu kuliko Neno la Mungu, na imani ya kijana yule ikapoa, hata ikakaribia kuzimika. Lakini siku moja, alipokuwa akisoma peke yake sura ya 17 ya Injili ya Yohana, alifahamu kwamba uzima wa milele ni kumjua Mungu na Kristo aliyemtuma. Tangu hapo hakutazama nyuma. Alipomaliza masomo mwaka 1830, alifanya kazi ya ualimu katika nyumba za watu, kwanza Lauenburg, kisha Lüneburg. Mwaka 1844 akarudi Hermannsburg kumsaidia baba yake. Baba alifariki mwaka 1848, na mwaka uliofuata usharika ukawekwa mikononi mwa mwana.

Harms hakuoa, na mwili wake ulikuwa na maumivu ya daima. Hata hivyo mlango wa nyumba yake haukufungwa kwa mtu aliyetaka shauri. Jumapili alihubiri kwa maneno yaliyofahamika na mchunga kondoo kama na mwenye shamba. Jioni watu walirudi nyumbani kwake, naye akawasimulia habari za wazee wao kwa lugha yao wenyewe, jinsi Injili ilivyowafikia zamani, nao walikuwa wapagani. Hivyo wakulima wale wakatambua jambo ambalo hawakulifikiri: kama wageni wasingalivuka bahari na kuwaletea Neno, wao nao wangalikuwa gizani. Basi wakaona kwamba wana deni.

Vijana wa usharika wakaanza kuomba kutumwa. Shida ilikuwa kwamba hawakuwa na elimu ya juu, nao walizoea jembe kuliko kitabu. Harms hakuwarudisha. Mwaka 1849 alifungua nyumba ya kuwafundisha, akamweka ndugu yake Theodor awe mwalimu wao. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 12. Walisoma Maandiko, nao walifanya pia kazi za mikono, kwa kuwa Harms aliamini kwamba Injili yapasa kupelekwa na kundi la watu waishio pamoja: wahubiri, wakulima na mafundi, wakila chungu kimoja. Aliwafuata katika jambo hili wamonaki wa kale waliowaletea Wajerumani Ukristo.

Nia yao ilikuwa kuwafikia Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagalla. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa ameandika habari za taifa hilo kubwa na kuwatamani sana. Lakini wataendaje? Harms aliomba usiku, na kulipokucha alikuwa ameazimu kwamba usharika ujenge merikebu yake wenyewe. Wengi walimcheka, maana Hermannsburg iko mbali na bahari, na wengi wa watu wake hawakupata kuiona. Hata hivyo wakulima walitoa fedha, nafaka na nguo zilizoshonwa na wanawake wao. Mtu mmoja alitoa shamba lake zima, kisha akajitoa mwenyewe kwenda Afrika.

Merikebu ikajengwa Harburg, ikaitwa Kandaze, jina la malkia wa Ethiopia ambaye towashi wake alibatizwa na Filipo. Tarehe 28 Oktoba 1853 ikang'oa nanga, ikiwa na wamisionari 8 na wakulima na mafundi 8.

Hata mwaka 1854 wakafika Mombasa. Mji ulikuwa chini ya Seyyid Said wa Unguja, na liwali wake hakuwapa ruhusa ya kupita kwenda bara. Fikirini, ndugu, uzito wa jambo hili. Miaka minne ya masomo, sadaka za maskini, safari ya miezi mingi, na mlango umefungwa mbele ya macho yao! Wakageuza tanga, wakarudi kusini hata Natal. Huko, mwaka ule ule, walijenga kituo, wakakiita Hermannsburg kwa jina la kwao, wakaanza kazi kati ya Wazulu.

Habari zilipofika nyumbani, usharika ungaliweza kusema kwamba Mungu ameikataa kazi yao. Harms hakusema hivyo. Katika mwaka huo huo wa 1854 alianzisha gazeti la kila mwezi, watu wapate kujua mambo yote na kuombea. Kandaze ikaendelea kuvuka bahari na watu wengine. Mwaka 1857 wajumbe walifika kwa Watswana, na kabla Harms hajafa kazi ilikwisha kuelekea hata Bara Hindi. Alifariki tarehe 14 Novemba 1865, mwenye umri wa miaka 57, akizikwa kati ya watu wake.

Yaliyofuata hayakuwa ya furaha tupu, wala haifai tuyafiche. Theodor alishika kazi ya ndugu yake, lakini mwaka 1878 ugomvi juu ya taratibu mpya za ndoa uliupasua usharika wa Hermannsburg wenyewe, naye Theodor akatoka katika kanisa la nchi pamoja na wengi. Huko Afrika ya Kusini kundi lililotumwa liwe moja liligawanyika: Wajerumani na wazao wao walikuwa na sharika zao, na Waafrika sharika zao, kwa miaka mingi sana. Waliokula chungu kimoja merikebuni waliacha wana wasioshiriki meza moja. Hili ni jeraha, na kila usharika wenye watu wa namna mbili na ulitazame.

Lakini Mombasa haukuwa mwisho wa habari. Mwaka 1928, miaka 74 baada ya kurudishwa pwani, wamisionari wa Hermannsburg walifika Aira, katika nchi ya Wollega, magharibi ya Ethiopia, kwa Waoromo wale wale. Hawakukuta shamba tupu. Onesimos Nesib, Mworomo aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa amekwisha kuitafsiri Biblia yote kwa lugha ya watu wake, nayo ikachapishwa mwaka 1899. Huko Aira Daffa Jammo, Mworomo, alihubiri pamoja nao. Sharika walizozipanda ziliingia baadaye katika Kanisa la Mekane Yesus, lililoundwa mwaka 1959, ambalo sasa lina Wakristo mamilioni.

Harms hakuyaona haya. Wala waliotoa nafaka na kushona nguo hawakuyaona. Sisi nasi, wachungaji na wazee, mwisho wa mwaka hukaa tukahesabu: waliobatizwa ni wangapi, sadaka ni kiasi gani, bati za kanisa zimetosha au hazikutosha. Hesabu hizo ni njema. Wakulima wa Hermannsburg waliongeza hesabu moja: mwaka huu tumemtuma nani, na wapi? Usharika usioiuliza hesabu hiyo waweza kujaa watu, nao umeanza kuzeeka.