Joginder Singh, fundi kabla ya dereva

Apandaye milima ya Mbooni, kule Ukambani, hutambua upesi kama analijua gari lake. Rejeta huchemka, vumbi huingia kila tundu, mawe hupiga springi, na gereji iko mbali. Njia za namna hii ndizo zilizompa jina marehemu Joginder Singh, aliyeitwa Singasinga Arukaye.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi, tena akapata kazi ya kuzunguka barabarani akiwasaidia wenye magari yaliyoharibika. Chuo hicho, naona mimi, kilimfaa kuliko shule yoyote ya udereva. Mwaka 1965 aliingia Safari Rally pamoja na nduguye Jaswant. Makampuni yalileta magari mapya na mafundi wao. Yeye alikuwa na Volvo PV544 kuukuu, iliyokwisha kukimbizwa na wengine, akaiandaa mwenyewe. Wengi waliachwa njiani, naye akashinda.

Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Lakini hesabu ninayoistahi zaidi ni nyingine: aliingia mara 22, akafika mwisho mara 19. Hapo hapana bahati. Ni sikio la fundi, lisikialo chuma kikilalamika kabla hakijakatika.

Alifariki London, Oktoba 2013, mwenye miaka 81.